Ukuta wa Udongo, Paa la Waya

Jumatatu, 7 mwezi wa kwanza

Saa nane mchana. Chumba cha kulala: nyuzi thelathini na nane. Jikoni sikupima, nisije nikapasua kipimajoto cha shule. Mwanangu Plamedi amefanya hesabu zake chini ya meza, amelala kifudifudi sakafuni. Ana miaka minane na tayari anajua kona zote za baridi humu ndani. Alfajiri chumba hichohicho kilikuwa na nyuzi kumi na sita, nikawasha mbabula, jiko la makaa, tuote moto. Mbao nyembamba na mabati matupu. Mchana tunaokwa, alfajiri tunaganda, na gunia la makala halifikishi wiki mbili.

Miaka kumi na moja nafundisha fizikia. Halafu napanga nyumba kama hii. Aibu.

Mume wangu Mumbere amepita jana na samaki wake wa Tchomia, kule ziwani, leo yuko njiani kwenda Butembo kuwauza. Tumekubaliana kwamba kiangazi hiki tunajenga kwenye kiwanja chetu hapa Lumumba, Bunia. Tunajenga kwa kitu gani, hatujakubaliana.

Alhamisi, 10 mwezi wa kwanza

Mumbere amepiga simu. Anataka mbao.

"Nyumba ya mabao, siku fujo inakuya, unaifungua, unapakia, unaenda. Udongo utabeba na nini, Mama Plamedi?"

Nimekasirika mpaka chaki imenivunjikia mkononi darasani. Huko Butembo ana nyumba ya matofali ya kuchoma, saruji chini, madirisha ya chuma. Aliijenga kabla hatujajuana. Humo anakaa dada yake peke yake. Kwa hiyo Butembo matofali, Bunia mbao. Mtu hujenga kwa mbao mahali asipokusudia kuzeekea.

Ninachotaka kujua ni kitu kimoja tu: anakaa nasi hapa, au mimi na mtoto wake ni kituo cha njiani, pa kunywea chai kabla ya kuendelea na safari. Sikumuuliza. Nimemweleza habari za joto.

Jumamosi, 12 mwezi wa kwanza

Nimezunguka na kipimajoto nusu mji. Watu wanafikiri napima homa za nyumba.

Matofali ya kuchoma: mazuri, lakini tanuri moja linameza lori la kuni. Mikaratusi ya vilimani imekwisha, sasa kuni zinatoka msituni, njia ya kwenda Epulu. Sitaki nyumba iliyokula msitu kabla sijaingia. Matofali ya saruji: yanapata moto haraka, yanapoa haraka, na saruji inatoka mbali. Udongo wa kushindilia kwa mashine, usiochomwa, unene wa karibu dhiraa moja: joto la mchana linachelewa njiani, linafika ndani jioni wakati tunalihitaji. Na udongo upo. Ni wa kiwanja chenyewe.

Fundi Gaston ana ghala la matofali hayo nyuma ya kwake. Saa nane mchana, nyuzi ishirini na tano. Nilisimama ndani nikakataa kutoka. Ameniangalia kama mgonjwa.

Jumanne, 22 mwezi wa kwanza

Mumbere amerudi. Sikubishana. Nimempeleka ghalani kwa Gaston saa saba na nusu, jua likiwa utosini, nikamwekea kiti, nikamwambia akae robo saa bila kusema. Baada ya dakika kumi alikuwa anakoroma, kidevu kifuani, kofia mapajani. Gaston alicheka mpaka akatoka nje.

Alipoamka alishika ukuta kwa kiganja, akaushika tena.

"Bon. Udongo. Lakini mapaa ni kazi yangu, fundi asigusepo."

Nimeshinda. Mbona sijisikii nimeshinda? Mtu anayeshindwa haraka hivyo ana jambo lake.

Alhamisi, 31 mwezi wa kwanza

Mashine imeanza. Wanachimba, wanachekecha, wanatia saruji kidogo, maji kidogo, wanashindilia. Matofali yanapangwa kivulini, yanafunikwa shitingi ya plastiki, yanamwagiwa maji kidogo kila siku ili yasikauke kwa pupa. Wiki mbili nzima. Mimi na Plamedi tunamwagia kabla ya shule. Nagusa kila safu. Najua ni ujinga, tofali haliwezi kuiva kwa kuguswa.

Mama Safari, jirani, amesimama kwenye uzio akiuliza kama kweli mwalimu mzima anajenga kwa matope. Nimemjibu kwamba ni matope yaliyosoma. Hakucheka. Yeye ana mbao na mabati, na misumari ameipigilia nusu tu. Kila mtu mtaani anajua kwa nini.

Jumamosi, 23 mwezi wa pili

Kuta zimefika madirishani. Dirisha kubwa hakuna upande wa machweo, moja dogo tu. Gaston alitaka kulipanua ili nyumba ionekane ya kisasa. Nimemwambia jua la jioni halihitaji heshima. Baraza itatoka mita moja na nusu kulinda ukuta na mvua.

Mumbere hayupo tena. Butembo. Siku tisa. Simu moja.

Jumamosi, 9 mwezi wa tatu

Mumbere amekuja Jumatano, ameezeka siku mbili na binamu yake, ameondoka leo alfajiri. Hakutaka nipande juu. Nilimpikia sombe, alikula ngazini. Mabati yanang'aa mno, yanaumiza macho. Nimeuliza mbona mawe yamewekwa juu ya kingo. Kasema upepo.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Kuta kavu. Nilizunguka nyumba mara nne nikiwa nimelowa chapachapa, nikipapasa ukuta. Furaha yangu ni ya kichaa, najua.

Jumapili, 17 mwezi wa tatu

Tumehamia bila dari. Leo baada ya misa nimepanda mwenyewe na mikeka ya mafunjo. Mpango wangu: mikeka chini, nafasi ya hewa, halafu mabati juu, ili moto wa bati usitushukie kichwani.

Hakuna msumari hata mmoja.

Nimetambaa kutoka boriti moja hadi nyingine. Waya. Kila bati limetobolewa na kufungwa kwa waya, umesokotwa mara mbili, tayari kukatwa. Mtu mmoja na saa moja, paa lote liko chini. Ndiyo maana hakutaka nipande.

Nimekaa juu pale mpaka magoti yakafa ganzi. Basi ndiyo hivyo. Ameniachia ukuta kama mtu anavyomwachia mtoto kijiko, akachukua sahani. Siku akichoka na Bunia atakuja na lori, atafungua paa lake, atapandisha Butembo. Namchukia leo. Naandika wazi: namchukia.

Jumanne, 19 mwezi wa tatu

Sikumpigia. Amepiga mara mbili, sikupokea.

Nimemwonyesha Gaston waya. Amepiga ulimi. Halafu kasema kitu nilichokuwa nakijua na sikutaka kukisikia.

"Madame, hii ukuta haikuchomwa. Ile ya Butembo, ya kuchoma, unaweza kuiacha bila manjanja miaka. Hii hapana. Ukitosha manjanja, mvua mbili tatu, inarudia udongo."

Ukiondoa mabati, ukuta unayeyuka. Yaani aliyefunga paa hili kwa waya amefunga nyumba nzima kwa waya. Nimefundisha leo shinikizo la maji na sijui nimefundisha nini. Mwanafunzi mmoja amenisahihisha ubaoni.

Jumatano, 20 mwezi wa tatu

Kuna maneno ya fujo. Njia ya kaskazini watu wanashuka na magodoro. Shuleni nusu ya viti vitupu. Padri amesema tutulie, kwa sauti ya mtu asiyetulia. Nani anakuja, hakuna anayejua, na kila mtu anajua.

Alhamisi, 21 mwezi wa tatu

Saa tatu asubuhi Mama Safari alikuwa juu ya nyumba yake na mume wake. Saa nne nyumba haikuwepo. Mabati, mbao, milango, kila kitu kwenye lori, na yeye juu kabisa ameshika kuku. Amenipungia mkono akaniambia niache kiburi. Mtaa mzima unagongwa nyundo. Misumari inapolia inapong'olewa, sauti hiyo naijua tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nimemfunika Plamedi masikio bila sababu.

Mumbere amepiga. Leo nimepokea, nikiwa nimetayarisha matusi.

"Umeshatosha manjanja?"

Nikamwambia nimeuona waya wake. Nikamwambia yote, Butembo, dada yake, kituo cha njiani, yote. Nilipiga kelele barabarani.

"Weye," akasema. "Niliifunga hivyo sababu yako. Mimi niko kila siku ku barabara. Musumari inaomba mwanaume na barre ya kungolea. Fil de fer, hii waya, unakata weye peke yako. Pince iko juu ya mulango, mu kitambaa. Kata, lipa lori, mukuye na mutoto."

Nimenyoosha mkono juu ya mlango. Koleo ipo. Mpya, imepakwa mafuta isishike kutu, imefungwa kwa kipande cha shati lake la harusi.

Siku nne nimemchukia mtu kwa jambo hilo.

Hiyohiyo, mchana

Nilipanda. Nimekata waya sita. Ni kweli, mwanamke mmoja anaweza. Bati la kwanza liliachia kingo na mwanga ukaingia chumbani, ukadondokea ukutani. Ukuta ule wenye alama za vidole vya Plamedi, alivyobonyeza plasta ikiwa mbichi.

Upande wa ziwa mawingu yalikuwa meusi kabisa.

Nimekaa juu ya boriti na koleo mkononi. Hesabu ni rahisi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeifanya. Nikichukua mabati, nimeua nyumba. Hakuna watu wabaya watakaohitaji kuibomoa, mvua itawasaidia. Nikiacha mabati, nyumba inakaa, na mimi siwezi kuiacha nikaenda, kwa sababu nyumba tupu siku hizi mabati yake hayamalizi usiku. Kwa hiyo kubaki kwake ni kubaki kwangu. Mbao zingeniacha niende.

Nimesokota waya upya, zote sita. Vidole vinatoka damu. Nikashuka, nikampigia Mumbere, nikamwambia tunabaki. Alinipigia kelele mpaka salio likaisha.

Kama nimekosea, nimekosea na mtoto wangu ndani. Naandika hivi ili baadaye nisijidanganye kwamba nilikuwa shujaa. Naogopa. Dada Philomène wa parokia amesema tukisikia kitu tukimbilie kwao. Viatu vya Plamedi viko mlangoni, nimemwambia avae soksi hata kitandani.

Ijumaa, 22 mwezi wa tatu

Mvua kubwa. Kingo zilipigwa na upepo, bati moja lilipiga makofi asubuhi yote. Waya umeshika. Plamedi ameuliza kwa nini sisi tu ndio tuna nyumba.

Jumapili, 24 mwezi wa tatu

Hakuna kitu. Misa watu arobaini. Kimya cha mtaa kinaniudhi kuliko nyundo. Nimepima chumba kwa sababu sikuwa na la kufanya: ishirini na tano. Nimepika maharage mengi mno, kana kwamba kuna wageni.

Jumanne, 26 mwezi wa tatu

Bado hakuna kitu. Wanasema fujo imezimwa, wakubwa wameongea huko juu. Mpaka lini, hakuna aliyesema. Wanafunzi kumi na wawili darasani. Nimewapa jaribio. Wamenuna, na mimi nimefurahi kuwaona wananuna.

Jumamosi, 30 mwezi wa tatu

Mama Safari amerudi na lori lilelile. Matundu ya misumari hayakutani tena na mbao, anaziba kwa lami. Nimempelekea chai. Amekunywa akiwa amesimama ndani kwangu, mgongo ukutani, na hakusema neno la matope. Kasema tu: "Kuko baridi hapa, mwalimu." Akaomba kikombe cha pili.

Jumamosi, 6 mwezi wa nne

Mumbere amefika saa sita, vumbi mpaka kope. Amemkumbatia Plamedi muda mrefu. Mimi alinitazama tu, hasira bado ipo, na mimi nilimwacha awe nayo. Ni haki yake. Nilitaka kumwomba msamaha kwa zile siku nne, nikaishia kumwekea maji ya kuoga.

Amekula, ameingia chumbani, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini. Nje jua kali. Ndani tuliongea chinichini, bila sababu, hakuna aliyelala. Akasema dada yake ameolewa, nyumba ya Butembo yeye mwenyewe amempangisha mwalimu mwenye watoto watano. Akasema kama habari ya bei ya samaki. Halafu akatoa mfukoni kifurushi kizito: misumari ya mabati, ile yenye kofia, kilo tatu.

"Nigonge leo?"

Ndilo jibu nililolitaka tangu mwezi wa kwanza. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikasikia jinsi sauti ya nyundo itakavyokuwa, msumari mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho, ambao mimi peke yangu sitaweza kuung'oa.

Nimemwambia: acha kwanza.

Amekitazama kifurushi, amenitazama, ameinama akakisukuma chini ya kitanda, upande wangu.