Sura ya Pili na Sahani ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Basi limechelewa tena. Nimefika chuoni, mtaa wa Shaw, nimelowa chapachapa. Profesa, msimamizi wa tasnifu yangu, anataka nifute sura ya pili yote. Anasema falsafa ya Konfusio ni maadili, basi. Mizimu niwaachie watu wa dini. Bila saini yake sitetei tasnifu mwaka huu.

Nimechoka naye. Karne nyingi kabla ya Konfusio, Wachina walichoma mifupa kuwauliza wahenga wao neno, wakawaandalia nyama na pombe. Konfusio hakuitupa meza ile ya wahenga. Alitaka anayeiandaa awe na moyo, awe kama anawaona walioketi. Sasa nifute meza, nibaki na nini?

Jumanne, 4 Machi

Nimeisoma sura upya nitafute kosa. Sijaliona. Nimekasirika zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Jumapili Mama anatimiza mwaka tangu atutoke. Tutafanya ibada kwa Zoom na ndugu wa Moshi, hapa Hyattsville kwa kaka yangu Eliya ninakoishi. Nikasema nitapika kiburu, ndizi na maharage ya kwetu, sahani ya kwanza niiweke mbele ya picha yake.

Eliya ni mzee wa kanisa. Akaweka kijiko chini.

"Humu ndani hatulishi wafu, Upendo. Hayo ya Kichina yaishie huko huko campus."

Kwa Profesa mimi mlokole. Kwa kaka yangu mimi mpagani. Heri ningesoma uhasibu.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa Profesa tena. Nimemweleza kwamba hata zaidi ya miaka elfu baada ya Konfusio, wasomi wafuasi wake waliobishana na Wabudha na watu wa dini ya Tao, wakajaza vitabu kuhusu kanuni inayoushika ulimwengu, bado waliandika namna ya kuwaandalia wazazi waliokufa. Akasema hiyo ilikuwa adabu tu. Nikamuuliza, adabu kwa nani? Akatazama saa. Mwisho wa kufuta, akasema, ni Jumatatu.

Nimelia kwenye treni. Kwa hasira, si huzuni.

Jumapili, 9 Machi

Nimepika kiburu. Sahani sikuweka, nyumba ni ya kaka. Nilinuna na sikuficha.

Eliya aliingia kutoka zamu ya ghala kule Landover, kofia bado kichwani. Ndugu walishajaa kwenye skrini, mchungaji anajaribu sauti. Akapita mbele ya picha ya Mama aende kuketi. Akasimama. Akavua kofia.

"Shikamoo, Mama."

Hakuwa anatania. Akanyamaza, kichwa kimeinama, muda ule ule ambao Mama angesema marahaba na kumuuliza kama amekula. Halafu akatikisa kichwa kukubali, akaketi. Sidhani alijua kwamba amefanya lolote.

Nilikuwa nimejiandaa kununa mpaka jioni. Nikashindwa. Nililia ibada nzima, na safari hii haikuwa hasira.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemtumia Profesa sura ya pili. Sijafuta neno. Asaini, asisaini, shauri yake. Naogopa, lakini nimelala vizuri.

Eliya bado amelala. Mvua imekatika. Kabla ya kutoka nimesimama mbele ya picha, begi mgongoni, nikamwamkia Mama. Nikamsubiri amalize kujibu.