Kwenye Picha Hakuna Tarumbeta

Bweni la Wanafunzi wa Kigeni,
Chumba 412,
Guangzhou, China.
Jumapili, 15 Oktoba 2006.

Mpendwa Mama Mkubwa Albina,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo nyingi kutoka huku mbali. Goti lako linaendeleaje? Je, mvua za vuli zimeanza huko Kilema, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima wa mwili. Kasmir naye ni mzima, hana jeraha wala homa. Hilo nalisema mapema ili mengine uyasome ukiwa umekaa.

Najua habari zimekufikia. Clementina ameniambia kwenye simu kwamba kuna picha ilitumwa Moshi kwa barua pepe, na kwamba baada ya misa watu wanasema mwanao amefungwa China kwa kumpiga mlinzi. Hajafungwa, Mama. Na hakumpiga mtu. Ila pasipoti yake imeshikiliwa na ofisi ya chuo, na kesho saa tatu asubuhi ataitwa mbele ya kamati itakayoamua kama abaki au arudishwe nyumbani.

Simu hukatika kila nikifika kwenye jambo lenyewe, na kusema kweli mara nyingine naikata mimi. Kwa hiyo naandika. Medard, yule mfanyabiashara wa Moshi anayefuata viatu huku, anaondoka jioni ya leo na ataileta barua hii mkononi. Utakapoisoma, kamati itakuwa imeshaamua.

Uliwahi kuniuliza ni historia gani hiyo ya kwenda kutafutwa kwa Wachina, nami nikacheka nisikujibu. Sasa nakujibu. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Wazungu walipokuwa wanagawana dunia, walifanya maonyesho makubwa kwenye miji yao. Watu walilipa kiingilio kwa maelfu, wakaona mashine za mvuke, maputo, tembo na wanasarakasi. Kisha walipelekwa kwenye uzio, na nyuma ya uzio kulikuwa na vijiji vya kujengwa, na ndani yake watu waliotolewa Afrika na Asia. Kazi yao ilikuwa kupika, kusuka na kucheza ngoma huku wakitazamwa. Wengine walikuwa wameletwa kwa mikataba wasiyoweza kuisoma. Profesa wangu hapa ni bingwa wa mambo hayo, na mimi nimeandika kurasa themanini juu ya mikataba hiyo. Kurasa themanini, Mama. Ngoja usikie nilichofanya na mkataba mmoja.

Nje ya mji kuna bustani ya burudani, jina lake sina haja ya kulitaja. Mwenye nayo, laoban kama wanavyoitwa mabosi huku, alitaka kwa ajili ya sikukuu za Oktoba atengeneze maonyesho ya kale kama yale ya Ulaya, yenye puto, sarakasi na bendi. Alikuja kwa profesa kutafuta picha, profesa akamwelekeza kwangu. Nikampa zile za utafiti wangu, pamoja na ile ya kijiji nyuma ya uzio. Nikamwandikia na maelezo marefu ya kubandikwa kwenye ubao, ili watazamaji wajue kwamba ule ulikuwa uovu. Alinishukuru sana. Akaniomba pia niwasomee wageni maelezo ya Kiingereza kwenye kipaza sauti, nami nikakubali nikijiona mtu mkubwa.

Alipoulizia wapiga muziki nilimtaja Kasmir bila hata kufikiri. Wewe unamjua, tangu darasa la tano yumo kwenye bendi ya parokia, na hapa bweni zima linamlalamikia kwa kupuliza tarumbeta koridoni. Alifurahi mno. Ana mwezi mmoja na nusu tu huku, anajifunza lugha kabla ya kuanza uhandisi, hata jina lake kwa Kichina analiandika kwa kutazamia. Mkataba ulikuja kwa Kichina, kurasa mbili. Akaniletea mimi.

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Jina, tarehe, mpiga tarumbeta wa bendi. Nilikuwa nawahi kipindi, nikamwambia atie saini, hauna shida. Ukurasa wa pili ulisema kwamba aliyeajiriwa atavaa vazi lolote na kukaa mahali popote atakapopangiwa. Niliusoma siku tatu baada ya mambo kuharibika, nikiwa nimekaa sakafuni.

Siku ya ufunguzi watu walijaa hata pa kukanyaga hapakuwapo. Mimi nilipandishwa kwenye jukwaa dogo la mbao, kipaza sauti mkononi, laoban pembeni yangu. Ubao wangu wa maelezo haukuwapo. Kulikuwa na vibanda vya nyasi, uzio wa mianzi, na nyuma ya uzio wanaume wanne wamevalishwa nyasi kiunoni na kupakwa chokaa kifuani. Wa tatu alikuwa Kasmir. Baadaye nilisikia kwamba alikuja na tarumbeta yake aliyoing'arisha tangu alfajiri, wakamnyang'anya, wakamwambia kwenye picha hakuna tarumbeta. Picha yenyewe ni ile yangu.

Mama Mkubwa, sasa nakuomba usome taratibu. Nilimwona, nikamtambua. Karatasi niliyopewa haikuwa na maneno yangu, ilikuwa imeandikwa upya kuhusu watu wa porini na desturi zao za ajabu. Laoban alinigusa kiwiko nianze. Nikaanza. Niliisoma yote, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sauti nzuri kabisa, ile unayoisifia ninaposoma masomo kanisani. Watu wakacheka, watoto wakarusha karanga juu ya mianzi. Kasmir alinyanyua kichwa akawa anaitafuta sauti inatoka wapi.

Aliponiona alipanda uzio. Mlinzi alimdaka mguu, wakavutana, mlinzi akaanguka akachubuka kiwiko. Hiyo ndiyo ngumi inayozungumzwa huko Moshi. Polisi waliitwa, wakamhoji, wakamkabidhi kwa chuo. Mimi wakati huo nilikuwa bado jukwaani, nimeshika karatasi.

Aliporudi bwenini nilikuwa namsubiri mlangoni kwake. Alikuwa bado na chokaa shingoni. Aliniuliza polepole tu, bila hasira, na heri angenitukana.

"Dada Sia, wakati unasoma, ulikuwa umeniona?"

Nikamwambia nilimwona.

"Kabla hujaanza, au katikati?"

"Kabla."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo ananisalimia, anaitika nikimwita, na zaidi ya hapo hakuna. Nimelia mpaka nimejichukia.

Watu wa bustani wamepeleka chuoni mkataba wenye saini yake, wanasema alijua kila kitu na kwamba amewaharibia sikukuu. Ofisi ya chuo ilimuuliza nani alimsomea Kichina. Kasmir akajibu hakusomewa na mtu, alitia saini mwenyewe. Ananificha. Anajua wanafunzi wa kigeni haturuhusiwi kufanya kazi bila kibali, na kwamba nikijitokeza nitaulizwa mimi nilifuata nini pale jukwaani. Wakijua kwamba yeye ni mgeni wa mwezi mmoja aliyedanganywa, watamwonea huruma. Mimi ni wa mwaka wa tatu, naisoma lugha yao na sheria zao. Ufadhili wangu utafutwa, na shahada imebakiza miezi minne.

Siku zote hizi nimenyamaza. Godson, mwenzetu wa Arusha anayesomea udaktari, ananishauri niendelee kunyamaza, kwamba ukoo ubaki na msomi mmoja kuliko kukosa wote. Kuna asubuhi nimeamka nikaona anasema la maana. Nakuambia hivyo ili usije ukadhani una binti jasiri.

Msalimie Baba Mkubwa Eliakimu, umwambie asigombane na watu baa kwa ajili yetu. Msalimie Clementina na wanawe, na jumuiya yote ya Mtakatifu Anna. Wakiuliza habari, wasomee barua hii. Usiruke aya yoyote.

Jana nilikwenda soko la maua. Huwezi kuamini, wanauza masale, Mama, majani yale yale ya mipaka ya mashamba yetu, yamepandwa kwenye vyungu vya udongo kupambia ofisi. Nilisimama pale karibu saa nzima. Nilikumbuka ulivyompelekea Mzee Alphonce jani la isale ng'ombe wetu alipomaliza mahindi yake. Alinuna, akalizungusha mkononi, lakini alisamehe, maana kwetu aliyeletewa isale hana pa kukataa. Nikawaza nichume jani moja tu, nimpelekee Kasmir jioni ile ile. Angelipokea. Angekula nami, angenicheka tena, na kesho angeingia kwenye kamati akaendelea kunificha kwa moyo mweupe.

Niliondoka bila kulichuma. Kasmir ameshatia saini mara moja kwa kuniamini mimi, akawekwa nyuma ya uzio. Simpelekei kitu kingine asichoweza kukikataa. Kesho saa tatu nitakuwa ndani ya chumba hicho kabla yake, na ukurasa wa pili nitausoma mimi, kwa Kichina, mbele yao wote. Akitaka kunisamehe baada ya hapo, atafanya hivyo akiwa na nafasi ya kukataa.

Mungu akutunze, Mama yangu, akupe usingizi usiku utakaomaliza kusoma haya. Ukisikia nimerudi kabla ya wakati, usije kunipokea stendi. Nitapanda mlima mwenyewe mpaka mlangoni kwako.

Mimi mwanao uliyemlea, anayekupenda na anayeona aibu,

Sia