Mwondoleeni Bibi Jiko Chumbani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia hadi huku Uswidi, ile unayoivuta mpaka mtaa mzima wa Buhongwa ujue mwanao kaamkia. Magoti ya Bibi yanaendeleaje? Mimi leo ni mzima, namshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilicheka uliposema nyumba mpya ina dari na madirisha ya vioo, hata mbu anapiga hodi. Lakini ulipoandika kwamba Bibi analalamikia baridi ya mvua, ukamwekea jiko la mkaa chumbani, kicheko kilikatika.

Mama, lile jiko dogo ulilonifungia kwenye kanga karibu liniue. Jumapili iliyopita asubuhi theluji ilijaa nje, nami nina hamu ya sato wa kuchoma mpaka machozi. Wenyeji mkaa huwashia nje, bustanini. Mimi na ujuaji wangu wa Mwanza nikawasha chumbani, nikafunga mlango na dirisha. Mkaa ukashika vizuri, mwekundu, hauna moshi. Nikaota moto nikikukumbuka unavyopepea kwa mfuniko wa sufuria huku unaimba. Kichwa kikaanza kugonga, nikadhani ni upweke tu. Nilipotaka kusimama, miguu ikagoma.

Salamu ndiyo iliyoniokoa. Chumba cha jirani anakaa Sunita, Mhindi ninayesoma naye. Kila asubuhi namgongea kwa salamu yetu ya Kisukuma: "Mwangaluka!" Mwanzoni aliniona kichaa, ila alizoea. Siku hiyo hakunisikia, akaja yeye.

"Mwangaluka, Kabula?"

Kimya. Akasukuma mlango, akanikuta sakafuni, akaniburuta hadi nje. Daktari alisema mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kwamba Sunita angechelewa kidogo tu, basi. Ningerudi kwenu ndani ya sanduku, Mama.

Kumbe nyumba yetu ya zamani ilitulinda, na ule upenyo wake chini ya bati! Nawe ukipikia ndani hukufunga mlango hata siku moja, mvua itulowanishe, tunung'unike tusinung'unike. Nilikuwa naona unatutesa. Sasa nautamani upepo ule wa ziwani ukituingilia na harufu ya dagaa, sisi tumejikunyata miguuni pako.

Simu ya dukani kwa jirani nimepiga haishiki, na posta ni wiki tatu. Hivyo nimempa barua hii Mtanzania mwenzetu anayepanda ndege kesho, pamoja na blanketi langu la sufu. Hilo ni la Bibi. Akililia jiko lake, mwambie ni mimi niliyemnyang'anya, anigombeze mimi.

Nisalimie Mjomba na pirikapirika zake za kivuko cha Kamanga, na mdogo wangu Neema, aache kukufungia mlango ukipika.

Mama, ukifika hapa iweke barua chini. Nenda kwa Bibi sasa hivi, mgongee, mwambie mwangaluka kutoka kwangu. Usiondoke mlangoni mpaka aitike.

Ni mimi mwanao,
Kabula