Mfuko wa Bibi

Elsa, usinipigie, sauti haitoki. Nakuandikia nikiwa juu ya kitanda cha bibi.

Alasiri nilikuwa namwagia maji ya udhu uani kama kawaida. Akaniambia, "Polepole, we Fadhila, unanilowesha miguu." Lakini birika nilikuwa nimeshaliweka chini. Maji yalikuwa yanaingia kutoka nje. Mto Rusizi umeingia tena hapa kwetu Gatumba.

Nikaukimbilia mfuko wa dharura. Si unakumbuka tulivyozunguka mtaa mzima tukifundisha watu kuufunga: dawa, vitambulisho, tochi, nguo kavu? Wa bibi niliufunga mwenyewe.

Nimeufungua, Elsa. Dawa zake za presha hazimo. Tochi haimo. Ndani kuna sanda, pamba na chupa ya marashi, basi.

Sanda, Elsa. Ameikunja vizuri kabisa.

Nikamuuliza dawa ziko wapi. Akacheka. "Si mulisema tuweke vitu vya lazima?"

Mjomba Shakuru alikuwa amesimama mlangoni, maji magotini, amemgeuzia mgongo ili ambebe. "Mama, panda, twende Gihosha, kule juu maji hayafiki." Bibi akajibu, "Mutangulie, nitakuja." Mjomba akabembeleza, akagomba, akabembeleza tena. Jibu lilikuwa lile lile, nitakuja.

Nikamshika mkono. Nilikuwa nalia. "Bibi, tuambie ukweli."

Akanipangusa machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Mi siendi, mutoto wangu. Kila mwaka munanihamisha, kila mwaka narudia tope. Nimechoka. Nataka nifie hapa, pale babu yako alilala."