Mfereji Uliofagiwa kwa Ajili ya Wageni

Ndahani,

Mtaalamu wa nne anakuja Jumatatu, na safari hii atazikuta mvua. Aliyesema ni Bi. Lema, mratibu wa mradi wa umwagiliaji, jana saa nne asubuhi ofisini kwake Makole, mjini. Nilikuwepo mimi na Mzee Chilongani, mwenyekiti wenu wa wakulima. Mtaalamu atakaa siku kumi na nne. Atalala Bahi, si mjini, na kila asubuhi atakuwa mferejini. Ndivyo ulivyoomba katika barua zako mbili. Umekubaliwa, karibu mwaka mzima baada ya kukuzika.

Nakuandikia kwa sababu habari kama hii ningekupigia simu wewe kwanza. Namba yako bado ninayo. Niliipiga mara moja, bila kufikiri, nikitaka kukuuliza bei ya mpunga. Haikupatikana. Nikamtafuta mtu mwingine wa kumuuliza.

Bi. Lema alieleza pia fungu la fedha limetoka wapi. Kulikuwa na mtaalamu mwingine wa muda mfupi, wa mbegu za mtama, aliyekuwa aende Chemba. Huyo ameahirishwa ili wa kwenu aje. Wakulima wa Chemba bado hawajaambiwa. Najua ungeuliza, ndiyo maana nakutajia.

Nafasi yako haijajazwa. Bwana shamba wa kata ya jirani hupita anapoweza. Pikipiki ilirudishwa halmashauri. Binti yako Neema ameanza kidato cha kwanza, na mama yake amelima robo tu ya shamba, upande wa juu. Upande wa chini umefukiwa na mchanga tena. Msimu huu ukingo umekatika mara mbili, palepale unapopajua.

Tatizo hilo ulinieleza siku ya kwanza tulipoonana, ukichora ardhini kwa kijiti. Mvua ikinyesha mto unaleta mchanga, mchanga unaziba mfereji, maji yanakosa pa kupita, yanapasua ukingo na kufukia miche ya watu wa chini. Mtoto anaelewa. Wataalamu watatu, miaka mitatu mfululizo, hawakuelewa, kwa sababu wote walikuja kiangazi na wote walikuta mfereji safi.

Sisi ndio tuliousafisha. Nasema sisi kwa sababu na mimi nilikuwepo, mwaka wa kwanza, nikirekodi kwa ajili ya redio nyimbo za kina mama wakizoa mchanga kwa karai. Wewe ndiye uliyewaita. Wiki moja kabla ya mgeni kufika, kijiji kizima kilitoka na majembe, mchanga ukatolewa, mipasuko ikazibwa kwa udongo na kupigwapigwa hadi ikalingana na ukingo. Siku yenyewe mtu alipita na fagio. Mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Mtaalamu akatembea juu ya ukingo, akapewa maziwa, akaandika kwamba mfereji unatunzwa vizuri na kwamba wakulima wanahitaji mafunzo ya kugawana maji.

Mafunzo yakatolewa. Mwaka uliofuata mkafagia tena, akaja wa pili, akaandika yaleyale. Nakumbuka ulivyosema pale kwa muuza chai wa stendi ya Bahi: "Tumeshafundishwa kugawana maji mara mbili. Yamebaki maji tu."

Mwaka wa tatu ulisimama mkutanoni ukawaomba wasifagie. Mzee Chilongani alikujibu mbele ya watu wote: "Bwana shamba, siku wakija kumposa Neema, utawakaribisha ua haujafagiwa?" Watu walicheka sana. Na wewe ulicheka. Kesho yake walitoka na majembe. Wewe hukwenda, na baadhi yao walisema umeanza maringo.

Kisha kuna yangu. Redio yetu ilitangaza kwamba mtaalamu wa tatu ameridhishwa na hali ya mfereji, na sauti ilikuwa ya kwangu. Nilikuwa nimehakiki kila kitu, jina lake, cheo chake, maneno yake. Ulinipigia kabla taarifa haijaisha. "Mwandishi, uliuona mfereji au uliliona fagio?" Nilikujibu kwamba kazi yangu ni kuripoti kilichosemwa. Ulisema "haya," ukakata simu. Hatukuzungumza hadi mvua zilipoanza.

Zilipoanza ulichukua mwanzi, ukaupaka pete za rangi nyekundu na nyeupe, ukawa unaingia nao mferejini kila baada ya mvua, unapima maji, unapima mchanga, unaandika. Ulitaka kuonyesha kwa vipimo kile ambacho hakuna aliyekuja kukiona. Jumapili ile ulikunywa uji ukamwambia mkeo utarudi kabla ya kanisa. Walikupata mchana, upande wa chini, katikati ya mpunga.

Niliandika habari yako kwa aya tatu. Niliandika kwamba uliteleza, kama nilivyoambiwa. Baada ya mazishi nilikwenda kupaona. Hukuteleza, Ndahani. Ukingo uliokuwa umezibwa kwa ajili ya mgeni wa tatu ulikatika wewe ukiwa umesimama juu yake. Udongo ule haukuwa umeshikana na chochote. Sikuwahi kusahihisha taarifa ile hewani. Nasahihisha hapa, mahali ambapo haisaidii sana.

Daftari lilikuwa kwenye koti lako, juu ya pikipiki. Mama Neema alinipa nilipeleke kwa Bi. Lema. Bi. Lema alianza kulisoma akiwa amesimama, akaketi, akalimaliza. Alisema, "Tulimjibu kwamba fungu la wataalamu wa muda mfupi hufungwa kabla ya mvua, na magari hayapiti." Hakujitetea zaidi ya hapo. Ilimchukua miezi yote hii kupata kibali cha kubadili msimu.

Sasa la leo, ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Asubuhi Mzee Chilongani aliitisha mkutano. Nilifika nikakuta majembe yameegemezwa ukutani. Walitaka kupaziba pale ukingo ulipokatika. Safari hii si kwa usafi tu. Walisema ni aibu mgeni akanyage mahali alipofia mtu, na ni kukuvunjia heshima wewe. Wanaume wawili walikuwa wameshaweka viroba vya mchanga tangu jana.

Mama Neema alisimama. Unamjua, huwa hasemi mikutanoni. Alisema, "Shikamooni wazee. Mume wangu aliwaomba msifagie, mkamcheka. Leo naomba mimi. Nichekeni, lakini viroba vitoke." Hakuna aliyecheka. Mzee Chilongani alisema kwamba lile neno la kuposa binti ni yeye aliyelisema, na hajalisahau. Akaagiza majembe yarudi nyumbani na viroba vitolewe. Wengine waliondoka wakinung'unika kwamba kijiji kitaaibika. Huenda wakarudi na majembe kesho. Sina uhakika, na siwezi kukuandikia kama ninao.

Siwezi kukuahidi kwamba mtaalamu ataelewa, wala kwamba akielewa kutapatikana cha kujengea. Siku kumi na nne ni chache, na ripoti tatu za kusifu ziko kabatini mbele yake. Ninachokuahidi ni kidogo na kiko mikononi mwangu. Sitaripoti tena mfereji ambao sijauingia kwa miguu yangu.

Lala, ndugu yangu. Mwanzi wako uko kwangu, pete zake bado zinasomeka. Viroba vinatolewa kesho Jumapili baada ya ibada, na nitakuwepo hadi cha mwisho kitoke. Jumatatu saa moja asubuhi mtaalamu ataletwa pale ukingo ulipokatika. Nitamkabidhi mwanzi, na nitamwomba aanze kupima hapo.