Jaji Aliyeketi na Shangazi Zake

Ansab, Maskati

Ndugu yangu Mwakio,

Nakusalimu wewe, mkeo Mghoi, na wote mlio chini ya paa moja. Je, mguu wako umepona? Usinijibu kwamba "unaendelea". Niambie kama unapanda mlima bila fimbo au hupandi. Mimi ni mzima. Joto la huku hunifungia ndani tangu asubuhi, lakini nyumba ya binti yangu Malemba ina baridi ya mashine, nami hujifunika shuka mchana kama mgonjwa. Barua hii utaletewa na muuguzi mwenzake anayekuja likizo. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, na jambo hili sitaki likatizwe.

Ni jambo la Wakesho. Uliniarifu kwamba binti yako ameteuliwa kuwa hakimu katika mahakama ya nyumbani kwetu, na kwamba anatakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Hajajibu kwa sababu mimi, shangazi yake, nilisema akatae. Kweli nilisema. Nilisema mtoto hawezi kukaa juu ya watu waliombeba mgongoni. Niliuliza pia, akimfunga binamu yake, atakula kwa nani Krismasi? Basi isome barua hii hadi mwisho kabla hujamwambia lolote.

Katika umri wangu huu nimepata tena mwanafunzi. Anaitwa Tessa, muuguzi kutoka Australia, na yuko wodi moja na Malemba. Alitaka kujifunza Kiswahili ili ajue kama wauguzi Wakenya wanapocheka humcheka yeye. Nilimwambia ndiyo, humcheka, kwa hiyo asome kwa bidii. Yeye ni wa wenyeji asilia wa nchi ile, wale waitwao Waaborijini, waliokuwako kabla Wazungu hawajafika.

Wiki moja nilimpa kazi ya kuandika habari za mtu anayemheshimu. Aliandika sentensi tano. Nne nilizisahihisha. Ya tano haikuwa na kosa, nayo ndiyo iliyonishinda: "Jaji alikaa mezani na shangazi zetu." Nikaweka kalamu chini. Ni jaji gani huyo?

Hapo tukahamia Kiingereza, maana Kiswahili chake kilikuwa bado hakijafika huko. Jaji huyo ni mwanamke wa watu wake. Alilelewa na bibi yake, akafagia ofisi za mawakili, akasoma sheria jioni huku ana watoto wadogo. Akawa wakili, kisha hakimu, kisha jaji, mwanamke wa kwanza wa watu wao kufika hapo katika jimbo lile. Siku yake ya kwanza, mlinzi wa mlangoni alimwelekeza kwenye benchi la washtakiwa.

"Akafanya nini?" nikauliza.

"Alikaa, Mwalimu. Akawasalimu waliokuwa pale. Kisha akainuka akaenda kwenye kiti chake."

"Na mlinzi?"

"Sijui."

"Ungeuliza."

Akanieleza kwamba mtu wao akishakiri kosa, jaji huteremka kutoka kwenye kiti cha juu. Huwekwa meza moja. Mshtakiwa hukaa hapo, na wazee wa jamii yake hukaa hapo pia, wanawake kwa wanaume. Kwao kila mwanamke mzee huitwa Shangazi, na hata jaji huwaita hivyo. Wazee humsema kijana kwanza, kwa kuwa wanamjua mama yake na wanajua alianza kuharibika lini. Lakini adhabu huamuliwa na jaji peke yake.

"Akiletwa mtu wa damu yake je?"

Tessa akasema imewahi kutokea. Aliwahi kuletwa mtoto wa dada yake. Jaji alitamka mbele ya wote kwamba huyo ni mwanawe, akajiondoa katika kesi, na faili likapewa mwenzake. Dada alikuwa ametarajia huruma. Akaacha kumsemesha.

"Kwa muda gani? Nani alianza kumsemesha mwenzake?"

"Mwalimu, ungefaa kuwa polisi."

"Nilikuwa mwalimu wa zamu kwa miaka mingi. Polisi ni mpole. Uliza."

Kumbe shangazi mmoja wa Tessa ni kati ya wale wanaoketi mezani. Tessa akamtumia maswali yangu yote, akamweleza na habari za Wakesho. Majibu yalikuja siku gari la Tessa lilipoharibika, tukasomea gereji kule Wadi Kabir, kwenye viti vya plastiki, chai ya maziwa mkononi na fundi akigonga chuma nyuma yetu. Tukaiweka simu katikati. Nikasikia sauti ya mwanamke mzee, kavu kama yangu. Naandika alivyosema, kwa lugha yetu:

"Mwambie mwalimu wako kwamba sote tulimkataza. Mahakama ndizo zilizotuchukulia watoto wetu wakalelewe kwa Wazungu. Kwa nini binti yetu azivalie joho? Alipoteuliwa sikwenda kumpongeza. Akaja mwenyewe jikoni kwangu, akasema, 'Shangazi, nisipokaa mimi, atakaa mtu asiyejua hata jina lako. Njoo uketi karibu nami.' Nilikwenda ili nimwone akikosea. Siku ile nilishika mkoba wangu magotini kutwa nzima. Mpaka leo nakwenda."

Kuhusu dada, alisema: "Walisemezana kwenye msiba wa mama yao, si kabla. Huyo binti yenu asidanganywe. Kuna watu atawapoteza."

Swali langu la mwisho lilikuwa hili: jaji aingiapo, ni nani husimama?

"Sote, hata mimi na goti langu bovu. Tukishakaa, yeye hutuamkia mmoja mmoja kabla ya neno lolote la sheria."

Mwakio, unaikumbuka siku ya baba? Ulikuwa mdogo, nami nilikushika mkono. Ilikuwa kesi ya mpaka wa shamba. Alisimama mahakamani tangu asubuhi, kofia mkononi, na hakuna aliyemtaja kwa jina. Walimwita "mlalamikiwa wa tatu". Aliporudi aliitundika kofia ile msumarini, na hakuivaa tena. Nilidhani nimemkataza Wakesho kwa ajili ya amani ya ukoo. Pale gereji, chai ikiwa imeshapoa, niliona kwamba nilichokataa ni chumba kile. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba angeweza kukaa ndani yake mtu wa kumwita baba jina lake.

Kwa hiyo neno langu naliondoa. Mwambie akubali, na ajibu kabla ya siku kupita. Kesi ya jamaa asiiguse. Kuku wa mtu asimpokee. Atakayemnunia, amwache anune. Wakija kukulalamikia, waambie waniandikie mimi, kwa mwandiko unaosomeka.

Nisalimie mchungaji, na mama mkwe wako, na jirani anayekutunzia ng'ombe. Malemba anawasalimu nyote. Tessa naye anasalimu, na ameandika salamu zake mwenyewe nyuma ya karatasi hii. Kosa moja nimeliacha makusudi ili mcheke.

Wakesho atakapoingia mahakamani siku ya kwanza, nitakuwa nimefika. Sijawahi kusimama kwa heshima ya mtoto niliyemwosha uso. Nitasimama. Kisha tukishakaa, aniamkie.

Dada yako mkubwa,
Mkamburi