Kiti cha Mama Kando ya Ulingo

Tororo, 4 Aprili 1965

Mama mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe na dada Truphena mkiwa wazima kama nilivyo mimi. Kifua kimepona, yale majani uliyonipa niliyachemsha yote. Mchana nabeba magunia kwenye kinu cha unga, jioni nakwenda kwenye ngumi.

Timu ya hapa inakwenda Kampala mwezi wa sita. Uzito wangu umeshapata mtu. Nafasi iliyobaki ni ya wazito, na kocha Othieno amesema anayeitaka aipiganie. Nilikuta wazito watatu, na wawili nimeshawapiga. Mtu mkubwa, mama, anarusha ngumi moja ya kuua ng'ombe, ukiikwepa yeye ndiye anayechoka. Unampa ya kushoto usoni, unatoka, unamzunguka, unarudi mbavuni. Watu wanacheka nikipanda ulingoni, halafu wananyamaza.

Aliyebaki ni Emong wa kambi ya jeshi ya Rubongi, huyuhuyu mchumba wa dada. Katika shati lake tungeingia mimi na wewe na nafasi ikabaki. Tunapigana Jumamosi ya kwanza ya Mei. Usinikataze, nimeshaamua.

Mwanao,
Patroba

Busia, 11 Aprili 1965

Mwanangu Patroba,

Nimefurahi kusikia kifua kimetulia. Sisi tupo. Samaki wa ziwani Majanji wamepungua kwa mvua, lakini sokoni sijakosa cha kuuza. Truphena ni mzima, ila tangu asome barua yako hasemi na mtu.

Umekosa watu wa kupigana nao hadi umfuate shemeji yako? Kijana yule ana adabu. Alipokuja na wazee wake kuposa, alikaa nyuma ya ghala, uso ameugeuzia ukutani, asije akakutana nami macho. Chai hakuionja kwa sababu imepikwa jikoni kwangu. Mama mkwe huheshimiwa hivyo, kwao na kwetu. Halafu ukubwa ule. Akisimama mlangoni nyumba inaingia giza. Wewe ulizaliwa mdogo hata mkunga akauliza kama utafika asubuhi. Ulifika, sikatai, lakini sikukulea ili upasuliwe.

Kukataza nimeacha, maana nakujua. Nakuombea tu.

Mama yako,
Felistus

Tororo, 2 Mei 1965

Mama,

Leo salamu sina. Sina hata jeraha, na hilo ndilo linaloniuma.

Jana refa aliuinua mkono wangu, uwanja mzima ukacheka, na safari hii hawakunyamaza. Raundi ya kwanza Emong alikuja kwa nguvu zake zote, nikamkwepa. Raundi ya pili akageuka, akakuona umekaa kiti cha mbele na leso yako ya bluu. Yuko kifua wazi, na kaptura tu, mbele ya mama mkwe. Kuanzia hapo kila nilipozungukia upande wako alinipa mgongo. Akawa anajifunika kifua kwa glavu kama mtu aliyekutwa akioga. Nilimpiga mtu anayeona haya, mama. Hiyo si ngumi.

Kwa nini ulikuja? Kambini wanasema nilikuleta makusudi. Nimemwambia kocha nafasi siichukui mpaka turudiane, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wewe ubaki Busia.

Patroba

Busia, 9 Mei 1965

Mwanangu,

Mimi ni mzima na dada yako ni mzima, maana hukuuliza.

Nilikuja kwa sababu sikuweza kukaa sokoni napara samaki huku wewe unapigwa. Kocha Othieno aliposikia mimi ni mama yako akaniletea kiti, na mtu akipewa kiti anakaa. Nilidhani Emong akishavaa glavu ni bondia tu, ukwe ameuacha nje pamoja na shati. Aliponipa mgongo ndipo nilipoelewa. Nilipaswa kuondoka. Nikautazama mkono wake ulivyo mnene, nikakutazama wewe, nikabaki nimekaa. Mama gani angesimama?

Sasa umeshinda. Chukua nafasi yako, Patroba. Ukirudiana naye bila mimi atakuvunja. Nakuomba, na ninaogopa.

Mama yako,
Felistus

Tororo, 23 Mei 1965

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na leo nauliza: mko wazima? Mimi niko sawa. Nilikusamehe palepale nilipoisoma barua yako, ila kuandika ndiko nilikochelewa.

Nafasi bado siichukui. Nikienda Kampala na ushindi ule, mzito wa kwanza nitakayekutana naye huko hatakuwa na mama mkwe kwenye kiti cha mbele. Lazima nijue mwenyewe kama mtu mdogo anaweza. Emong alikuja kinuni akaniambia, "Shemeji, mimi hapana sikia vibaya juu yako. Lakini Jumamosi napiga wewe kweli." Nikamwambia hicho ndicho ninachotaka. Tukashikana mikono, wangu ukapotea ndani ya wake.

Siku hiyo kaa sokoni. Habari nitakuletea mwenyewe, au ataileta mwingine.

Mwanao,
Patroba

Busia, 31 Mei 1965

Mwanangu Patroba,

Natumaini barua hii utaweza kuisoma mwenyewe, maana macho yako sijui yana hali gani. Sisi huku tu wazima. Jumamosi nilikaa sokoni kama ulivyotaka, nikawa napara samaki niliokwisha kuwapara.

Jana baada ya kanisa Emong alikuja. Alisimama nyuma ya ghala, uso ukutani palepale. Mimi nikabaki jikoni, mlango nimeurudisha. Truphena alikaa katikati kupitisha maneno, ingawa sauti ile hata jirani aliisikia. Akasema, "Ambia mama mtoto yake iko salama. Mbavu tu inauma, ndiyo maana nimekuja mimi. Ambia yeye jana sikugeuka hata kidogo. Nilitafuta huyu mtu raundi zote, napiga hewa. Raundi ya tatu nikakaa chini."

Nikauliza amekaa chini kwa nini. Truphena ndiye aliyeniambia kwamba jicho la kushoto la Emong limefumba kabisa, na akivuta pumzi anashika ubavu.

Nililia, Patroba, nikashindwa kujizuia. Emong akanisikia, akadhani namlilia yeye. Akasema, "Ambia mama asilie, hii jicho itapona." Sikumsahihisha. Alikuja na maumivu yake ili mimi nilale vizuri, na mtu kama huyo dada yako asimwache.

Nenda Kampala. Uliza kama wana viti vya mbele, huko sina mkwe.

Mama yako,
Felistus